Pipa Limenyamaza

Siku ya tatu leo. Mama ametega sikio ubavuni mwa pipa
kama mkunga kwenye tumbo,
na hasikii kitu.

Komoni yake husema. Huchemka pasipo moto,
hunong'ona usiku kucha nyuma ya mlango wa jiko,
asubuhi povu limeinua mfuniko
kama ndama anayesukuma komeo.
Leo uso wa pipa umetulia kama maji ya kunawa.

Ni Julai, Isyonje. Majani ya viazi yameungua kwa baridi,
kwa hiyo baridi ndiyo inayoshtakiwa kwanza.
Analivisha pipa blanketi la marehemu baba,
analisogeza karibu na mafiga, si karibu sana:
"Joto la kwapani," anasema, "si joto la chungu."
Tunangoja. Kimya.

Anaokota punje za kimea zilizobaki kwenye ungo,
anatafuna, anatema, anatafuna tena.
Ulezi uliota vizuri, haukushika ukungu.
Anaonja pombe yenyewe: tamu kama uji wa mtoto.
"Sukari imejaa tele, hakuna wa kuila."
Na mimi pale mlangoni
nahisi tumbo linanishika.

Je, alitia kimea uji ungali mkali?
La. Alichovya kiwiko, kama apimavyo maji ya kichanga.

Mama Ambindwile, aliyekuja kuazima ungo,
anasema pombe haichachi penye nyumba ya maneno.
Mama anacheka kwa pua:
"Kwa Syabumi wanapigana kila Jumamosi,
na pombe yao inapasua mapipa."

Kisha anaugeukia mwiko.

Mwiko wa bibi, mrefu kunizidi, umeegemea ukuta.
Ulikuwa mweusi, wenye nyufa,
na ndani ya nyufa ukoko wa miaka,
harufu ya mkate na matope ya mtoni.
Sasa ni mweupe kama mfupa.
Anaunusa.
Unanukia ndimu ya sabuni.

Nilirudi likizo Ijumaa. Shuleni tulikuwa tumefundishwa vijidudu,
mwalimu akawachora ubaoni, akawapa hata miguu.
Nilitaka kumfurahisha.
Nikausugua kwa stiliwaya na sabuni ya unga,
nikaumwagia maji ya moto mara mbili,
nikauanika, nikausimamia
nikingoja kusifiwa.

Ni mimi, mama.

Hakunipiga. Angenipiga ingekuwa nafuu.
Alikaa juu ya kigoda, akapitisha ukucha
ufa kwa ufa, kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto.
"Walikuwa humu," akasema.
"Wote."

Halafu akanipa kopo: nenda kwa Ikupa,
Ikupa ambaye hawajasalimiana naye
tangu ile kesi ya lumbesa ya viazi.
Omba machicha ya leo, yanayohema bado.
Ukikuta yamepoa usichukue.

Ikupa hakuuliza. Alikoroga, akachota, akajaza kopo.
Nilipofika kwenye kizingiti akaniita:
"Mwambie mama yako, chachu naazimisha.
Lile gunia sijasahau."

Nililibeba kopo ndani ya sweta, juu ya ngozi,
nikikimbia kwenye ukungu bila kuiona njia,
na kitu kikinitekenya kitovuni, kidogo kidogo,
nikaogopa kucheka nisije nikakimwaga.

Mama alimimina. Alikoroga kwa mwiko ule ule mweupe,
akauacha umesimama ndani hadi kesho.
Habari za gunia nilimpa. Akasema, "Najua,"
akafunga mlango.

Usiku sikulala. Mbwa, upepo kwenye mabati,
lori likipanda mlima kwa gia ya kwanza.
Kisha, sijui saa ngapi, jikoni,
kitu kikakohoa mara moja,
taratibu,
kama mgeni kabla ya kupiga hodi.

Asubuhi mwiko ulikuwa ukutani, unadondoka ute.
Nilinyoosha mkono na kitambaa.

"Thubutu," akasema mama, bila kugeuka.